Fumua, Ushone Upya: Njia ya Kujifunza Kuandika Plagini

Anayejifunza ushonaji kwa fundi cherehani, hapa Singida mjini, hufumua shati kuukuu aone kola ilivyoungwa, kisha hulishona tena. Plagini za kihariri matini nazo hujifunzwa hivyo: chukua unayoitumia kila siku, uiandike upya mwenyewe.

Tumia kihariri cha Vim. Ni ya bure, na mwongozo wake umo humohumo: andika :help usr_41 usome bila kugusa bando. Mwasisi wake, Bram Moolenaar wa Uholanzi, aliwaomba watumiaji wawachangie watoto wa Kibaale, Uganda.

1. Chagua plagini ndogo. vim-commentary ya Tim Pope huzima mstari wa kodi ya programu, yaani huugeuza kuwa maoni yasiyotekelezwa, na kuuwasha tena. Tuseme programu yako ya Python inayohesabu magunia ya alizeti inatoa jumla isiyo sahihi. Ukizima mstari mmojammoja, utalibaini kosa.

2. Itumie kwanza, kodi yake usiifungue. Andika kwenye daftari inachofanya: mstari ukiwa na # mwanzoni, inaiondoa; usipokuwa nayo, inaiweka.

3. Andika yako. Tengeneza faili ~/.vim/plugin/zima.vim (kwenye Windows, folda ni vimfiles):

function! Zima()
  let m = getline('.')
  if m =~ '^# '
    call setline('.', substitute(m, '^# ', '', ''))
  else
    call setline('.', '# ' . m)
  endif
endfunction
nnoremap <leader>z :call Zima()<CR>

Jina la funksheni lianze na herufi kubwa, la sivyo Vim italikataa. Fungua Vim upya, bonyeza \ kisha z.

4. Sasa fungua kodi ya Tim Pope, ulinganishe. Yako itakwama kwenye faili la SQL, kwa sababu umeigandisha #. Yake husoma commentstring, mpangilio unaotunza alama ya maoni ya kila lugha. Tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe. Usinakili: ielewe, funga faili lake, kisha urekebishe lako kwa kichwa chako.

5. Ongeza jambo mojamoja: mistari iliyosogezwa ndani, halafu mistari mingi kwa mpigo. Kila ukiongeza, jaribu.

Ukimaliza, fanya hivyo na plagini nyingine, vim-surround. Ya tatu isiwe ya kuiga. Itoe kwenye shughuli zako: kazi ile ndogo unayoirudia kwa mkono kila siku, ambayo hakuna mwingine atakayekuandikia.