Jifunze Nyayo za Pongo, Uache Tanzi

Mkulima wa Gatuanyaga, ukiamka asubuhi ukakuta maharage yako yameliwa vichwa, huenda fikira yako ya kwanza ikawa ni kutega tanzi la waya. Pongo, ambaye wengine humwita mbawala, yuko karibu vichakani mwa Mto Athi, na nyama ya duka ni ghali. Lakini somo la mwezi huu ni la uwindaji wa namna nyingine: kumjua mnyama kwa nyayo zake, kwa meno yake na kwa saa zake, ili umzuie bila kumwua.

Zamani nchi hii ilikuwa ya wenye bunduki. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliwinda katika shamba la Juja la Mmarekani mwenzake, Northrup McMillan, ambaye kaburi lake liko mlimani Ol Donyo Sabuk, ng'ambo ya mto. Siku zile mwenye fedha alinunua kibali. Mlima huo ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1967, na mwezi wa Mei 1977 Serikali ikapiga marufuku uwindaji katika Kenya nzima. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani. Wako wanaodhani kwamba mnyama akiingia shambani mwako amekuwa wako. Sivyo. Hati yako ni ya ardhi, si ya pongo. Kwa faini moja ungenunua mbuzi kadhaa, na ukifungwa, nani atakupandia mahindi mvua ikinyesha?

Tena waya hauchagui. Unanasa ndama wa jirani na mbwa wako mwenyewe, na nyati aliyeponyoka na waya mguuni ni mnyama mbaya sana kukutana naye njiani. Nyama yenyewe haikupimwa na mkaguzi. Ukimkuta mnyama amekufa bila jeraha, usimchune wala usimpasue, maana huenda ni kimeta, nacho huua watu. Mwambie afisa wa mifugo.

Sasa tuje kwenye somo. Jioni lainisha udongo kwa reki, upana wa hatua moja, ukingoni mwa shamba upande wa kichaka. Asubuhi na mapema, kabla watoto na kuku hawajapita, nenda ukasome. Pongo ana kwato mbili zilizochongoka mbele, na alama yake hufanana na moyo. Digidigi ana alama kama hiyo, lakini ni ndogo mno, na mara nyingi utaona za wawili pamoja. Tena huwa na mahali pamoja pa kurudia kuacha mavi yake. Pongo hupenda kutembea peke yake. Kwato za mbuzi ni butu zaidi na hutanuka.

Kisha tazama shina lililoliwa. Pongo, kama mbuzi, hana meno ya mbele ya juu, basi hunyofoa jani na kuacha ncha iliyochanika. Sungura hukata mshazari, safi kama kwa kisu. Linganisha alama hizo vizuri kabla ya kumlaumu mnyama wa porini, kwa kuwa si mara moja mwizi ameonekana kuwa mbuzi wa jirani, na shauri hilo halihitaji askari wa wanyama ila mazungumzo ya kiungwana.

Pongo hutoka machweo na alfajiri, naye hapendi kuvuka mahali peupe. Kwa hiyo fyeka ukanda wa hatua kumi hivi kati ya kichaka na mimea yako, lakini usiguse miti na majani ya ukingo wa mto, maana ndiyo yanayozuia udongo usichukuliwe na maji. Panda kaiyaba kwa karibu karibu kuwa ua, na uzibe matundu ya chini, kwani pongo hupenda kupenya kuliko kuruka, ingawa kuruka anaweza. Ua ukiwa bado mchanga, weka miiba mikavu. Maharage na sukumawiki zipande karibu na nyumba, na upande wa kichaka uweke zao asilolipenda sana, kama vitunguu. Mbwa aliyefungwa karibu na shamba atabweka na kukusaidia. Lakini kumwachia mbwa amfukuze pongo mpaka kichakani ni kuwinda.

Ukiona alama pana ya vidole vinne, na majani yamefyekwa chini kabisa kama kwa mashine, huyo ni kiboko. Usifuate nyayo zake, wala usisimame kati yake na mto. Kiboko na nyati wamo katika orodha ya wanyama ambao uharibifu wao wa mazao huweza kulipiwa fidia, lakini usitegemee fidia kwa maharage yaliyoliwa na pongo. Piga picha za nyayo na za mimea kwa simu, weka kiatu kando ya alama ili ukubwa wake uonekane, kisha mwarifu chifu na ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori siku hiyo hiyo, kabla hujalima upya mahali palipoharibiwa.