Weka Spana Chini Kwanza, Mdogo Wangu

Tangu masika yaanze, wadogo zangu, maswali ya pikipiki mnayoniletea yameyapita hata yale ya ndoa, nami nashukuru, maana haya angalau yana majibu. Kuna aliyevunjika mguu na daktari kamkataza kukanyaga. Kuna ambaye barabara ya kwao imegeuka tope tupu. Kuna anayesubiri leseni itoke. Maneno yanatofautiana ila swali ni lile lile: "Dada, nipo tu ndani, pikipiki iko koridoni tunatazamana. Nifungue injini niisafishe?"

Hapana. Injini iache.

Boxer au TVS iliyokuwa ikiwaka kwa kiki moja siku uliyoiegesha haipati ugonjwa wa pistoni kwa kulala. Kulala kunaumiza vitu vya pembeni: petroli, betri, cheni, matairi. Hivyo ndivyo vinavyokuhitaji, na bahati nzuri ndivyo mtu mwenye spana chache anavyoweza kuvishika asiharibu. Nawajua vijana waliochoka kukaa. Akishapata spana namba 10 mkononi, kila nati inayoingia anaifungua, na jioni inabaki moja mezani isiyojulikana ilitoka wapi. Kwa hiyo kabla hujalegeza chochote, piga picha kwa simu. Nati na bolti zipange kwenye trei ya mayai kwa mfuatano kama ulivyozitoa. Ukianza kurudisha, unaanzia ya mwisho.

Na wewe wa mkataba, kama chombo bado ni cha bosi, mpigie kwanza. Mweleze umekaa kwa sababu gani, mkubaliane hesabu ya siku hizi itakuwaje, kisha umwombe ruhusa ya kugusa. Bosi akikuta kabureta liko chini na hana habari, hatakuuliza ulikuwa na nia gani.

Sasa tuzungumze kuhusu hiyo korido, maana hapa ndipo ninapopata usingizi wa mang'amung'amu. Naelewa, ukiiacha nje usiku, asubuhi unakuta stendi yake tu. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni mpaka unakutana na jiko la mkaa la mama au kibatari. Pikipiki ikilala ndani, kinachohama ni jiko. Tena usiiwashe humo ndani hata kwa dakika chache na mlango wazi kidogo. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu waliolala bila wao kushtuka. Kuwasha ni uani.

Tuje kwenye mafuta. Petroli ikikaa wiki kadhaa, sehemu yake nyepesi inaruka, inabaki ile nzito inayogeuka utando wa kunata. Utando huo hauanzi kwenye tangi. Unaanza kwenye kabureta, kwa sababu humo petroli ni kidogo na matundu ni madogo. Tundu la sailensa, yaani linalolisha injini ikinguruma bila kushikwa mafuta, ni jembamba kuliko sindano ya kushonea, na likiziba pikipiki inawaka ukishika mafuta na kuzimika ukiachia. Kinga yake haihitaji fundi. Funga koki ya mafuta, tafuta skrubu iliyo chini kabisa ya kikombe cha kabureta, ilegeze, petroli iliyomo itoke, kisha ikaze. Basi. Kama pikipiki yako ni ya kisasa isiyo na kabureta, aya hii iruke na usitafute kitu cha kufungua.

Hiyo petroli uliyotoa usiitie kwenye chupa ya maji. Nitalisema hata mkinichoka: mtoto anaona chupa ya maji, anakunywa. Tafuta kopo la bati lenye kifuniko, liweke juu asikofika. Tangi lenyewe ni bora likae limejaa kuliko nusu, hasa ninyi wa Tanga, Dar, Unguja na Mombasa, maana hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na tangi la chuma lenye nafasi tupu hutoa jasho kwa ndani. Kutu ya tangi ikishuka, inakwenda kukaa kwenye yale matundu tuliyoyahangaikia.

Wengi wenu mnaniambia mnaiwasha kila asubuhi dakika tano "isisahau". Acheni. Injini inapowaka inatengeneza maji pamoja na moshi, na dakika tano hazitoshi kuyakausha. Yanabaki kwenye ekzozi yakiila kwa ndani, mengine yanachanganyika na oili. Betri nayo inatoa umeme wa kuwashia isipate muda wa kuurudisha. Kama huwezi kuitoa ikazunguka mpaka ipate moto sawasawa, iache ilale kimya.

Betri ndiyo inayokufa mapema, hasa kwa ninyi mliofunga alamu, redio na taa za rangi. Alamu inakula umeme usiku kucha hata kama hakuna mwizi. Tenganisha waya wa negativu kwanza, halafu pozitivu, na siku ya kurudisha anza na pozitivu. Ukifanya kinyume, spana ikagusa fremu, utaona cheche ambazo hukuziomba. Ukiipeleka kuchajiwa, mwambie fundi ni betri ndogo, aiwekee umeme mdogo: ya Ah 5 inataka kama nusu ampia kwa saa nyingi. Mashine ya kuchajia betri za magari ikiachiwa ilivyo, inaipika. Kama ni ya kuongezwa maji, nunua maji safi ya betri na usome chupa vizuri, maana asidi nayo inauzwa rafu hiyo hiyo. Betri iliyopungukiwa inataka maji. Asidi hutiwa mara moja tu, ikiwa mpya.

Cheni ndiyo kazi ninayoipenda, na ndiyo inayoonyesha nani anaijua pikipiki yake. Simamisha kwenye stendi ya kati, gia iwe huru, injini IMEZIMWA. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu kuna watu wanaitia gia, wanaiwasha, halafu wanashikilia kitambaa kwenye cheni inayozunguka. Cheni ikikinyaka kitambaa inapeleka na vidole kwenye sproketi. Zungusha gurudumu kwa mkono. Futa uchafu kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, kausha, kisha paka oili ya gia namba 90 upande wa ndani wa cheni, huku ukizungusha polepole. Ifute ile ya juu juu. Oili chafu ya injini wanayopakaza vijiweni ni bure, kweli, lakini inakuja na vumbi la chuma ndani yake na kukusanya mchanga wa njiani. Huo ni msasa unaoitengenezea cheni yako mwenyewe.

Halafu pima ulegevu. Kwenye Boxer yenye kava zima la cheni, kuna kizibo cha mpira unachotoa ukaingiza kidole. Inua cheni ya chini katikati, uangalie inapanda na kushuka kiasi gani. Kwa pikipiki nyingi za kazi, sentimeta 2 hadi 3 zinafaa, ila kitabu chake ndicho chenye kauli ya mwisho. Pima sehemu kadhaa ukizungusha gurudumu, maana cheni haichakai sawa, na ukarekebishe pale ilipokaza zaidi. Ukilegeza nati ya ekseli na kuvuta nyuma, alama za kupimia zilizo pande mbili za gurudumu ziwe sawasawa, la sivyo gurudumu linakaa mshazari na tairi linaliwa upande. Ikikazwa mno nayo inakula beringi, na siku abiria wawili wakipanda haina pa kwenda. Meno ya sproketi yakiwa yamepinda kama kucha za kuku, usidanganyike kununua cheni peke yake. Badilisha seti nzima. Na ile klipu ya kiungo, upande uliofungwa utazame inakokwenda cheni, uwazi uwe nyuma.

Ukishavuta gurudumu na kukaza nati yake, breki ya nyuma imebadilika pia. Kanyaga pedali uone, urekebishe nati ya fimbo yake, uhakikishe gurudumu linazunguka bila kukwama.

Oili sina mengi. Imwage injini ikiwa na uvuguvugu, na ukirudisha bolti ya chini uianze kwa vidole, usikaze kwa hasira kwa sababu nyumba yake ni ya alumini na nyuzi zikiliwa ni gharama. Nunua oili iliyoandikwa JASO MA. Klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za magari zinaitelezesha: injini inapiga kelele, chombo hakisogei. Iliyotoka usiimwage mtaroni.

Matairi yasikae yamebonyea kwa uzito sehemu moja. Stendi ya kati inatosha kwa nyuma, la mbele lisogeze sogeze. Ukiwa huna la kufanya, tafuta tarakimu nne ubavuni mwake, mwishoni mwa maandishi ya DOT. 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wengine mtajua kwa nini linateleza kwenye mvua.

Wewe mwenye plasta mguuni, kuinua pikipiki kwenye stendi si kazi yako, hata kama unajisikia nguvu. Kaa kwenye kigoda, mwite mdogo wako awe mikono, wewe uwe macho. Na shemeji zangu mnaosoma hapa, mwacheni. Oili sakafuni itafutika, ila mkeka wa sebuleni mtoeni mapema.

Tapeti, viatu vya breki na kabureta kufunguliwa lote ni vya fundi, au vya wewe ukiwa na fundi pembeni. Siku ya kurudi barabarani, angalia kwanza tarehe ya bima, maana wengi inawaishia wakiwa kitandani. Kisha zunguka mtaani peke yako kwa mwendo mdogo, kamata breki ya mbele, ya nyuma, halafu zote mbili, simama, kaza tena nati ya ekseli. Abiria apande baada ya hapo.