Gari Halinuki, Lakini Je, Ni Salama? Maswali Yenu Kuhusu Ekzosi Inayovuja

Barua za rangi na rimu zitasubiri. Mwezi huu nimechagua zile zinazoninyima usingizi.

Gari langu halitoi moshi wala halinuki ndani. Ya nini kuhangaika na ekzosi? (Wasomaji kadhaa, Tanga, Morogoro na Mombasa)

Nimeziunganisha barua zenu kwa sababu nyuma ya kila moja yupo fundi aliyesema, "Usiponusa kitu, uko salama." Si kweli, na kauli hiyo inaweza kuua.

Kinachoua katika moshi wa injini ya petroli ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Harufu ya moshi mnayoijua hutokana na vitu vingine, yakiwemo mafuta ambayo hayakuungua sawasawa. Harufu inaweza kuwa hafifu huku gesi ikiwa nyingi. Tena pua huzoea upesi, mtu akadhani moshi umeisha. Gesi hii ikifika kwenye damu hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayoizidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anapumua vizuri kabisa, lakini ubongo na moyo wake vinakosa oksijeni.

Ndiyo gesi ile ile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Mkaa uliokolea hautoi moshi, na bado kila mwaka tunazika watu kwa sababu yake. Kuhusu jiko hambishi. Mbona mnabisha kuhusu gari?

Basi msingoje pua, tazameni watu. Abiria wa nyuma wanaumwa kichwa, watoto wanatapika au wanasinzia kupita kawaida, na wakishuka wanapata nafuu. Mnasema ni kichefuchefu cha safari. Ikitokea kila mkipanda gari hilo hilo, likagueni.

Nitakaguaje nyumbani bila mashine? (Msomaji, Dodoma)

Fanya kazi hii asubuhi, uwanjani, kabla gari halijawashwa. Chuma kikipata joto hutanuka na ufa mdogo hujiziba, ndiyo maana ukienda gereji mchana unaambiwa hakuna kitu.

Fungua boneti, mwenzako awashe. Sikiliza upande wa manifodi, pale ekzosi inapoungana na injini. Ukisikia tik-tik-tik inayokwenda na mapigo ya injini, kisha inapungua injini ikipata joto, shuku gasketi ya manifodi au stadi (bolti inayoishikilia) iliyokatika. Tapeti nazo hulia, kwa hiyo masikio peke yake yasikuhukumie. Zima, mulika kwa tochi, utafute masizi meusi yaliyotapakaa kuanzia kwenye kiungo. Moshi unapotoka, huacha alama.

Halafu, injini ikishapoa, mwenzako awashe tena naye mtu mwingine azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kilichokunjwa, sekunde chache tu. Bomba zima litasukuma kitambaa kwa nguvu na injini itataka kuzima. Lililotoboka litapumua "sss" mahali penye tundu. Inama ubavuni mwa gari usikilize. Usiingie chini injini ikiwa inaunguruma. Ukishapajua mahali, zima, bomba lipoe, ndipo ukague mishono, bomba la kunyumbulika na sehemu ya chini ya sailensa, ambako maji hutuama na kutu hula kutoka ndani. Nyinyi wa pwani, hewa ya chumvi inawaongezea kazi hiyo kutoka nje.

Jeki peke yake si kitu cha kulalia chini yake. Weka stendi, tia vigingi kwenye matairi. Huna stendi? Usiingie.

Naweza kuziba tundu kwa gundi? (Msomaji, Nakuru)

Gundi ya kawaida haivumilii joto la ekzosi. Kachomelee au badilisha bomba.

Fundi anasema tuondoe masega, gari litapata nguvu. (Barua nyingi mno)

Muulize masega yenyewe, kile kisafisha-moshi kilicho ndani ya ekzosi, yatakwenda wapi. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na vina wanunuzi. Kazi ya masega ni kuigeuza kaboni monoksidi kabla haijatoka. Yakiondolewa, unabaki na bomba tupu lililochomelewa harakaharaka, na tundu dogo litakalotokea hapo litamwaga gesi nyingi kuliko mwanzo. Hayo ni mauzo, hayakufanywa kwa ajili ya gari lako.

Tukibeba mzigo mrefu tunafunga mlango wa nyuma kwa kamba, ukiwa wazi. Kuna ubaya? (Mama wa watoto watatu, Moshi)

Upo, mama, hata ekzosi ikiwa mpya. Gari likienda, msukumo wa hewa nyuma yake hupungua na moshi huvutwa ndani, moja kwa moja kwa watoto walioketi huko. Mzigo upande kwenye keria, au ukodishiwe gari lake.

Aliyevuta moshi wa gari apewe maziwa? (Msomaji, Zanzibar)

Hapana. Maziwa huenda tumboni, gesi iko kwenye damu. Mtoeni nje penye hewa safi, mpelekeni hospitali apewe oksijeni. Mkifika, semeni waziwazi kwamba ni moshi wa gari, kwa sababu kipimo cha kubana kidoleni huweza kuonyesha oksijeni ya kutosha hata damu ikiwa imejaa gesi hii. Ombeni ipimwe damu yenyewe. Na gari hilo lisibebe tena mtu mpaka tundu lipatikane.