Kabla Hujaacha Maziwa, Lipime Tumbo Lako

Asubuhi za Rubya, hapa kwetu Muleba, zina ubaridi wake, na chai ya maziwa yenye tangawizi huupasha mwili moto. Lakini wapo ambao kikombe hakijapoa, tumbo limeshaanza kunguruma na kujaa gesi, na safari ya basi hadi Bukoba inageuka mateso. Nimepita hapo. Miaka mingi niliyasingizia maharage.

Maziwa yana sukari iitwayo laktosi. Utumbo wa mtoto hutengeneza kimeng'enya cha kuivunja, na kwa watu wazima wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua. Mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba baadhi, hasa kwenye jamii za wafugaji, wana vinasaba vinavyokifanya kiendelee kutengenezwa hata ukubwani. Basi usishangae ndugu yako akinywa nusu lita na kulala fofofo, wakati wewe kikombe kimoja kinakukosesha usingizi.

Ukitaka kujua kama maziwa ndiyo yanayokusumbua, kaa wiki mbili bila maziwa ya aina yoyote. Chunguza pia pakiti za biskuti na mkate, maana maziwa ya unga hujificha humo. Kila jioni andika kwenye daftari ulichokula na tumbo lilivyokuwa. Siku ya kumi na tano kunywa glasi moja. Mililita 250 zina takriban gramu 12 za laktosi, na jibu utalipata ndani ya saa chache. Tumbo likitulia, usiyalaumu maziwa. Tafuta chanzo kingine. Likichafuka, bado huna haja ya kukata kila kitu: wengi huvumilia nusu kikombe pamoja na chakula, mtindi huwa na nafuu kwa sababu bakteria wameshaila sehemu ya sukari hiyo, na samli karibu haina laktosi kabisa.

Lakini midomo ikivimba, ngozi ikitoka vipele au kifua kikibana baada ya maziwa, huo ni mzio. Usijijaribu nyumbani, wahi hospitali, ya Rubya au iliyo karibu nawe. Mtoto mdogo naye asikatiwe maziwa bila ushauri wa daktari, na ya mama asinyimwe kwa hofu hii.

Sasa pengo linaloachwa na maziwa. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuacha maziwa na kubaki na chai ya rangi tu. Glasi moja ilikuwa inakupa takriban miligramu 300 za kalsiamu, na mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku. Sisi wa Muleba tuna dagaa wa ziwani, wanaovuliwa hadi huko visiwani Goziba na Bumbire, na kwa kuwa huliwa wazima na miba yao, kalsiamu haipotei. Waoshe mpaka mchanga uishe, wakaange bila mafuta wakauke, watwange kwenye kinu, kisha koroga vijiko viwili vya unga huo kwenye ndizi na maharage zikikaribia kuiva. Harufu itapungua ukitia limao. Usitegemee mchicha peke yake. Una oksaleti inayoishika kalsiamu isifike mwilini. Sukuma wiki ni bora zaidi kwa kazi hii.

Na ng'ombe usimuuze! Kibanja kinaishi kwa samadi yake, migomba inaijua, na maziwa yatakayouzwa yatanunua dagaa.

Linabaki la ugenini, maana kukataa maziwa kwa mwenyeji kunaweza kumwumiza. Sema mapema, kabla sufuria haijabandikwa: "Mama, nashukuru sana. Maziwa hunisumbua tumbo, naomba chai ya rangi." Huku kwetu hatashindwa la kukukirimu. Atakuletea punje za kahawa za kutafuna, nawe zipokee kwa mikono miwili.