Fungu la Dada Yetu

SWALI: Marehemu baba ametuachia nyumba hapa Mombasa, na mnunuzi amekwishapatikana. Dada yetu, mwenye umri wa miaka 34, ana ulemavu wa akili tangu kuzaliwa, wala hajui kusoma. Ndugu zangu wanataka tumpake wino atie dole gumba katika hati, kisha pesa za fungu lake nizishike mimi ninayemlea. Mwenyewe hana matata: Ramadhani huwapelekea majirani visahani vya kaimati, wala hakosei mlango. Je, kuna ubaya?
Kaka Mtu, Mombasa

JIBU: Ndugu yangu, ubaya upo, nao ni mkubwa, ijapokuwa huruma yako siitilii shaka, kwani mwenye nia mbovu hangetaabika kuuliza. Fungu la dadako ni milki yake. Mirathi haikumpunguzia hata chembe kwa sababu ya akili yake, na hata pale sheria ya Kiislamu inapomkabidhi walii mali ya asiyeweza kuisimamia, imemfaradhishia amlishe, amvishe na aseme naye kwa wema, wala haikumhalalishia kuigeuza mali hiyo kuwa yake. Serikali ya Kenya nayo iliuridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 12 yawapa haki sawa na wengine ya kumiliki na kurithi mali, na kutaka anayehitaji msaada asaidiwe kuamua, si kuamuliwa. Kidole kilichoshikwa na mwingine kikabandikwa juu ya karatasi asiyoifahamu mwenyewe si ridhaa.

La visahani umelitaja kama jambo dogo, nami naliona ndilo kubwa katika barua yote, kwani azijuaye nyumba za mtaa na wenyewe ana maarifa, na hakosi jirani anayemwamini. Jirani huyo, maadamu hana maslahi katika mauzo haya, na akae naye. Mpelekeni katika chumba anacholala, mwambieni kwa maneno machache kwamba nyumba ikiuzwa chumba hiki kitakuwa cha watu wengine, mwonyesheni atakapohamia, kisha mumwulize tena siku nyingine, mnunuzi akiwa hayupo. Akiridhia, pesa ziwekwe benki kwa jina lake, na kila zitolewapo aelezwe ni za nini. Akikataa, fungu lake lisiuzwe, na huyo mnunuzi aambiwe ukweli.