Mgonjwa wa Sukari na Safari ya Haji

Ndugu mmoja wa Luanda Kotieno, aliyenuia kuhiji, ameleta suala katika darasa letu. Ana maradhi ya sukari, na kila siku hujipiga sindano ya insulini. Jamaa yake mmoja amemshauri azifiche sindano ndani ya sanduku la nguo, watu wa forodha wa Jedda wasije wakamdhania mlevi wa madawa. Mwingine amemwambia aziache kabisa, amtegemee Mungu.

Jawabu. Huyu wa pili hakufahamu maana ya kutegemea. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamrisha mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee. Na wako wagonjwa wa sukari ambao wakikosa insulini kwa siku chache tu hufa. Na kujitia katika maangamizo kumekatazwa katika Sura ya Al-Baqara.

Ama wa kwanza, shauri lake lina hatari mbili. Kitu kilichofichwa ndicho kizaacho shaka. Tena baridi ya chini ya ndege yaweza kuigandisha insulini, na ikisha kuganda haifai tena hata ikiyeyuka. Basi na aichukue katika mkoba wa mkononi, katika paketi yake ya duka la dawa, pamoja na sindano, kipimo cha sukari, na barua ya tabibu yenye jina lake kama lilivyo katika pasi, jina la dawa na kiasi chake. Aionyeshe mwenyewe kabla ya kupekuliwa.

Dawa za maumivu zina hukumu nyingine. Tramadoli na kodini ni katika dawa zinazodhibitiwa Saudia. Azihitajiye aombe idhini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi ile kabla ya kuondoka. Wala asikubali kuchukua kifurushi cha dawa za mtu mwingine, hata akiwa jirani mwema. Mwaka 2017 mwanamke wa Kiingereza alihukumiwa kifungo cha miaka 3 huko Misri kwa vidonge vya tramadoli, naye alisema amempelekea mgonjwa.

Limebaki joto. Katika Haji ya mwaka 2024 joto la Makka lilipita digrii 51, na serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301. Huku kwetu ziwani, asiye na friji huihifadhi insulini ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga uliotiwa maji. Mina hapana chungu. Basi anunue mapema mfuko wa kuhifadhia baridi, wala insulini isigusane na barafu.

Je, sindano huharibu ihramu? La. Na mfuko wa dawa kiunoni ni kama mshipi wa kutilia fedha, ambao wanazuoni wameuruhusu. Mwenye kulazimika kufunika kichwa kwa kidonda atafunika, na fidia yake ni ile aliyoamrishwa sahaba Kaab bin Ujra alipoudhiwa na chawa akanyoa: kufunga siku 3, au kulisha maskini 6, au kuchinja mbuzi.