Gofu Mtaani Kwenu: Kikundi Kianzie Wapi?

Gofu la duka au ghala halikosi mwenyewe. Hata bati zikiwa zimeng'olewa na magugu yameota ndani, kuna mtu au taasisi iliyoandikwa kwenye hati. Kikundi cha Sumbawanga kinachotaka kulitumia kianze na hati hiyo kabla ya kushika nyundo.

Majengo yetu ya biashara yamepita mikono mingi. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, kisha Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Mashirika ya umma yaliyokuwa yakinunua mahindi na kusambaza bidhaa mikoani nayo yakafa au kubinafsishwa. Kwa hiyo "la Serikali hilo" si jibu la kutosha. Muulizeni mwenyekiti wa mtaa, kisha nendeni kwa afisa ardhi na namba ya kiwanja mkaombe upekuzi. Mali ya ushirika ina Mrajis wake, na ya shirika lililokufa iulizieni kwa Msajili wa Hazina. Likiwa la marehemu, mtafuteni msimamizi wa mirathi, na hapo jipeni subira.

Mwenye jengo akikaa kimya, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 51, inawasaidia. Ardhi huweza kuhesabiwa imetelekezwa pale kodi inapodaiwa kwa miaka miwili au zaidi, au jengo linapoachwa likachakaa hadi kuhatarisha afya na usalama wa majirani. Mmiliki hupewa taarifa na nafasi ya kujieleza, na mwenye mamlaka ya kufuta miliki ni Rais. Safari hiyo ni ndefu. Wakati inaendelea, mwandikieni afisa afya kuhusu kuta zinazoning'inia, choo kilichobomoka au maji yanayozalisha mbu, na mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Paa la asbestosi msiliguse wenyewe, kwani vumbi lake huharibu mapafu.

Nasisitiza kupata jengo kwa sababu Ufipa, ilipo Sumbawanga, ina baridi kali Juni na Julai, na mvua kuanzia Novemba hadi Aprili. Wazee wanaokutana kupima presha, au akina mama wa kuweka na kukopa, hawawezi kukaa chini ya mti mwaka mzima. Chumba kimoja kikavu kinatosha kuwakusanya.

Ila kikundi kisichosajiliwa hakiwezi kuingia mkataba wa maana. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaelekeza kuhusu katiba, viongozi na akaunti ya benki. Vikundi vya kuweka na kukopa husajiliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mkopo wa halmashauri usio na riba, unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Huo ni wa biashara na lazima urudishwe. Msiuzike kwenye ukarabati wa jengo la mtu.

Matengenezo yafidiwe kwa kodi ya pango. Mkataba utaje miaka mtakayokaa, nani analipia paa, na mtafidiwa nini jengo likiuzwa. Mpelekeeni mwanasheria wa halmashauri ausome kabla hamjanunua hata mfuko mmoja wa saruji.